Upepo Hauna Likizo

Haya wajukuu, sogeeni. Na aliye karibu na mlango aurudishie, maana leo nasimulia habari za baridi, na sitaki ije yenyewe kusikiliza.

Hadithi nyingi mlizozizoea huanza zamani za kale, fisi na sungura walipokuwa marafiki. Hii huanza kila mwaka shule zikifungwa mwezi wa sita, pale Mkiwa, mkoani Singida. Panda basi Dodoma, fuata lami ya kwenda Singida. Ukishaipita Manyoni utafika njia panda: mkono wa kushoto barabara inakwenda Itigi, inashika Rungwa hadi Chunya na Mbeya, ukinyoosha unakwenda Ikungi na Singida mjini. Hapo ndipo Mkiwa. Ukishuka, anayekupokea kwanza ni upepo, na atakuvua kofia kabla hujamwamkia mtu.

Mtoto wa Temeke, kule pwani, aliyeletwa likizo kwa bibi yake hapo Mkiwa haoni ajabu ya alizeti wala ya mbuzi. Anajikunyata mlangoni, midomo imempauka, anauliza, "Bibi, kwani huku bado ni Tanzania?"

"Ni Tanzania, mjukuu wangu. Ingia kwanza upate uji wa uwele, maswali yatakukuta humo humo."

Na mimi nawajibu ninyi. Mwezi wa sita jua limehamia kaskazini. Karibu na tarehe 21 Juni ndipo linapofika mwisho wa safari yake ya huko. Kusini mwa dunia kunapoa, na hewa iliyopoa ni nzito, inasukumana kuja kwetu. Watu wa pwani wanaiita kusi, na mabaharia waliitumia kwenda Arabuni na Bara Hindi karne nyingi kabla injini haijajulikana. Hewa hiyo ikishapanda bara hadi uwanda wa kati, unyevu wake mwingi imekwisha uacha njiani, kwa hiyo inafika kavu, na ina haraka. Isitoshe, kule ni juu. Mji wa Singida uko takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kwa kawaida hewa hupoa nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Chukueni joto la Temeke, toeni nyuzi za mita zote hizo 1,500, halafu ongezeni upepo. Mmekwisha mjibu yule mtoto.

Usiku ndio unaouma. Mbingu ni nyeupe, wingu hakuna, na joto ambalo ardhi imelikusanya mchana kutwa linapaa kwenda zake bila wa kulizuia. Ndiyo maana alfajiri meno yanagongana, na saa nane mchana sweta limefungwa kiunoni.

Lakini msijionee huruma sana. Wapo watoto ambao wazazi wao walitoka huku kwetu, sasa wanaishi Stockholm, kule Sweden. Baridi yao inakuja mwezi wa kumi na mbili, na mchana wa siku hizo ni saa sita au zaidi kidogo tu: wanakwenda shule kiza, wanarudi kiza. Mkiwa, tofauti ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki hata dakika 45. Kipupwe chenu kina jua tele. Kwa nini basi mtoto ashinde ndani, kajifunika, analilia simu ya mama?

Kama hamniamini kuhusu jua, simikeni kijiti cha mita moja uani, kisimame wima, na kila baada ya muda wekeni kokoto penye ncha ya kivuli. Mtaona mambo mawili. La kwanza, katikati ya siku kivuli kinaangukia kusini, kina urefu wa nusu mita na ushei. Rudieni mwezi wa kumi na mbili, kitaangukia kaskazini na kitakuwa kifupi zaidi, maana jua litakuwa limewaruka vichwani likaenda upande wa pili. La pili litawashangaza: kivuli hakiwi kifupi kabisa saa sita kamili. Ni kwenye saa saba kasorobo hivi. Saa za nchi yetu zimepangwa kwa mstari wa longitudo ya 45, ambao uko baharini huko, mashariki ya pwani. Jua likishafika utosini kwa mstari huo, bado lina mwendo wa kuifikia Singida. Mchezo huu haununuliwi, na unaweza kumshinda mwalimu asiyejiandaa.

Sasa turudi kwa upepo. Upepo wa kipupwe ni mwizi, na anachoiba ni joto. Mwili wako unapasha hewa iliyo jirani na ngozi, hewa kidogo tu. Hewa ikitulia unakaa nayo raha mustarehe. Upepo ukipita unaikwapua, mwili unapasha nyingine, nayo inakwapuliwa, na hivyo hivyo hadi unatetemeka. Sweta halina moto wowote ndani yake. Liache msumarini usiku kucha, asubuhi uliguse uone. Kazi yake ni kushika hewa uliyokwisha ipasha isitoroke. Kwa hiyo fulana mbili na shati juu yake huweza kushinda koti moja zito, kwa sababu katikati ya nguo na nguo kuna hewa iliyonaswa. Na ile ya juu kabisa iwe imefumwa kwa kubana, ili mwizi asipate upenyo.

Nguo zenyewe si lazima ziwe mpya. Nendeni mnadani mkaone marundo ya mitumba: sweta lililovaliwa kwenye theluji ya Ulaya, mwenyewe akakua au akalichoka, sasa linasubiri kuvaliwa Mkiwa. Likikuishia viwiko, linafumuliwa likawa kofia. Kofia ikichakaa, ngojeni, nitawaambia inakokwenda.

Wazee wa Kinyaturu na jirani zao Wagogo walimjua mwizi huyu zamani, wakamjengea tembe. Mkibahatika kuliona moja lililobaki, ingieni, ila inameni, mlango ni mfupi. Paa lake ni bapa. Kuna nguzo, juu ya nguzo boriti, juu ya boriti fito zilizobanana, kisha matawi na nyasi, na juu ya yote udongo uliopigwa ukashikana. Kuta ni udongo vile vile, nene. Madirisha ni matundu tu. Mchana jua linaupiga udongo huo, nao unapata moto polepole sana, hata ukiingia saa saba unaona ubaridi. Usiku nje kukizizima, ule udongo unaanza kuachia joto lake, polepole vile vile, kuelekea ndani mlikolala. Ndama na mbuzi nao walilazwa humo humo, joto la miili yao likabaki nyumbani. Na kwa kuwa nyumba yenyewe ni fupi, imelala chini, upepo unaipita juu.

Bati ni kinyume chake. Jua likichomoza tu limeshika moto, jua likizama tu limepoa, na joto la chumba linapitia hapo kwenda angani.

Sisemi mrudi kwenye matembe. Tembe linavuja mvua kubwa ikinyesha, mchwa wanazipenda nguzo zake, na kulijenga kunameza miti mingi ambayo Singida ya leo haina ya kuchezea. Upande wa magharibi, huko huko Itigi, kuna vichaka vizito vya aina ambayo dunia nzima inapatikana hapo na kaskazini mwa Zambia, jirani na Ziwa Tanganyika, basi. Navyo vinakatwa kwa kuni, mkaa na mashamba. Ila akili ya tembe haihitaji nguzo: nyumba ya bati iwekewe dari, hata ya magunia yaliyoshonwa pamoja, na kuta zikandikwe vizuri pale zilipopasuka. Kukandika ukuta ni kazi ya watoto kabisa. Mtoto gani anakataa kuchezea udongo kwa ruhusa?

Jambo hili la kuzuia joto lisitoroke tulilijaribu kwa chupa, nanyi mnaweza. Chukueni chupa mbili zilizo sawa, zijazeni maji ya uvuguvugu saa kumi na mbili jioni. Moja iacheni wazi kibarazani. Ya pili itieni kwenye kapu lililoshindiliwa majani makavu, majani chini, ubavuni na juu. Saa tatu usiku zipimeni kwa mkono. Ya kibarazani amekwisha iibia mwizi. Ya kwenye kapu bado ina joto, wala hakuna kijiti kilichochomwa. Mama akiliona hilo, kapu mmelikosa: makande yakishachemka sawasawa na kulainika, chungu kinafunikwa vizuri na kutiwa humo, chakula kinawasubiri cha moto wakati moto umezimwa zamani. Kuni za kuchochea jioni nzima zinabaki kesho.

Halafu kuna suala la kuoga. Naona wengine mmeinamisha vichwa. Kipupwe watoto wanalikimbia beseni kama deni, na mama hataki kumaliza kuni kwa kuchemsha maji ya kila mmoja. Tafuteni dumu la zamani la mafuta ya kula, lile la njano. Chungueni masizi chini ya sufuria, yakorogeni na udongo mwepesi na maji, mlipake dumu lote liwe jeusi. Saa tatu asubuhi lijazeni maji, liwekeni juani mahali ambapo ukuta unazuia upepo. Rangi nyeusi inameza mwanga wa jua na kuugeuza joto, njano inarudisha sehemu kubwa. Saa tisa alasiri, kabla jua halijalegea, ogeni. Maji hayo ni ya kuoga tu, si ya kunywa. Yakishatumika yamwagieni mti wa kivuli, kwani mvua ya mwisho imekwenda na nyingine haitarajiwi kabla ya mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili.

Michezo sasa. Nilikuwa nawaona mnahema.

Mwezi wa sita mashamba yamevunwa na mabua yamesimama bure. Bua la mtama au la uwele lina ganda gumu linalong'aa na moyo mweupe, mwepesi, unaoingia kidole. Lichukueni likiwa kavu. Menyeni ganda kwa meno au kwa kisu kisicho kikali sana, mkilichana vipande vyembamba virefu: hiyo ndiyo misumari yenu. Moyo mweupe ukateni vipande: hizo ndizo mbao za gari. Mnachomeka ganda kwenye moyo, moyo kwenye moyo, bila gundi wala waya. Chasi kwanza, vipande viwili virefu na vitatu vya kukingama. Halafu kichwa, kisha bodi. Anayetaka basi anakunja maganda yakawa madirisha. Anayetaka lori la mzigo, kama yale yanayokata kona kwenda Itigi, anaacha nyuma wazi. Matairi ni ya ndala iliyokatika, yamekatwa kwa kufuata kizibo cha chupa yakatoka duara safi, na ekseli ni kijiti kigumu kilichonyooka. Ekseli ikipinda gari linavuta upande mmoja siku nzima, na fundi anachekwa. Mwisho bua refu moja la usukani, linalofika mkononi dereva akiwa amesimama wima, ili asikimbie amepinda mgongo.

Nimeyaona magari ya plastiki ya madukani. Yakinunuliwa Jumatatu yanavunjika Jumatano, na hakuna anayejua kuyatengeneza. La mabua likivunjika mtengenezaji yupo, spea ziko shambani, na likichoka kabisa mbuzi analitafuna.

Mabasi yakipita, chupa za maji zinatupwa dirishani. Ni tabia mbaya ya watu wazima, wala si yenu kuirekebisha kwa kukimbilia barabarani. Lami ya njia panda ile ina malori. Ngojeni upepo uzilete shambani, utazileta tu. Chupa moja ikateni kitako. Pasueni ubavu wake kutoka chini kuelekea shingoni vipande sita vilivyo sawa, vikunjeni nje vikae kama mikono iliyonyooshwa, halafu kila kimoja kizungusheni kidogo kiegemee upande mmoja. Toboeni kizibo, pitisheni msumari, mpigilie kwenye ncha ya mti mrefu, msumari usikaze. Upepo unalipiga bapa lililoinama, bapa linateleza pembeni, linalofuata linapigwa nalo, na pangaboi lenu linavuma. Sasa jaribuni kuinamisha matatu huku na matatu kule. Litasimama dede, limeduwaa. Mapanga yanayovutana hayaendi popote.

Watu wazima nao wana pangaboi zao. Nchini Kenya, karibu na Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, zimesimamishwa 365, na kwa pamoja zina uwezo wa kufua megawati 310 za umeme. Singida nako wataalamu wameupima upepo kwa miaka, na mipango ya kufua umeme kwa huo imeandikwa. Huyu mwizi anaweza kufungwa na kufanyishwa kazi. Ninyi anzeni na ya chupa, mkipigilia tatu kwenye ua, moja chini, moja katikati, moja juu kabisa, kisha mzitazame ipi inakimbia zaidi. Mkipata jibu mtajua kwa nini zile za Turkana ni ndefu vile.

Mpira sina haja ya kuwafundisha, ila nawakumbusha kilichobadilika. Kaka zenu walifunga mipira kwa mifuko ya rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mbuzi waliokuwa wakiimeza hawakulalamika. Mpira wa sasa ni matambara. Hapo ndipo ile kofia iliyochakaa inapoingia: inakuwa kiini cha ndani, laini, inashindiliwa ndani ya soksi, soksi inazungushiwa vitambaa, na juu kamba ya katani inayosukwa mpaka duara likaze. Chandimu ya kipupwe inachezwa upepo ukiwa ubavuni mwa timu zote mbili. Ukicheza ukipewa upepo mgongoni, ushindi wako una kasoro, na wenzako watakukumbusha mpaka shule ifunguliwe.

Sasa nitabadili sauti kidogo. Kuota moto jioni ni raha, na sitawakataza. Lakini msitupe chupa, ndala wala nailoni motoni. Moshi wake ni sumu, unaingia kifuani mwenu na kwa mdogo wenu aliyebebwa mgongoni. Msiwashe moto karibu na mabua makavu, kwa sababu cheche moja upepo ule ukiibeba inakuwa moto kichaa, na moto kichaa hauulizi shamba ni la nani. Na hili la tatu sikilizeni kuliko yote: jiko la mkaa haliingizwi chumbani mkalala nalo, hata baridi iwe kali namna gani. Mkaa unatoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Inakulaza usingizi, na wengi hawakuamka. Ukimwona mtu mzima analibeba jiko kuingia nalo chumbani, mwambie kwa adabu, "Shikamoo, naomba lilale nje." Akikasirika, mwambie ni mimi niliyekutuma.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mtakuwa wakubwa. Kwa sasa kapu la majani mnalo.

Haya, kitendawili!

"Tega!"

Mgeni wangu haonekani, akiingia milango yote inapiga makofi.

"Upepo!"

Mchana namkimbia, usiku namkumbatia.

"Blanketi!"

Nyumba yangu, mbuzi anatembea juu ya paa na haitikisiki.

"Tembe!"

Mmekuwa wajanja. Nipeni mji... Basi, hamna haja ya kunipa, mmepata yote.

Limebaki moja, nalo ni la alfajiri. Kile kishada cha nyota ndogo zilizobanana, kilimia, kilipotea upande wa magharibi jioni za mwezi wa tano, kikaenda pamoja na jua. Mwishoni mwa mwezi wa sita kinazuka tena mashariki, kidogo upande wa kaskazini, saa kumi na moja alfajiri, kabla anga halijapambazuka. Waliotutangulia walikitazama hicho ili kujua majira ya kulima. Hesabuni nyota zake. Wengi wanaona sita, mwenye macho makali anaona saba au zaidi, na anayeona kumi azihesabu upya mbele yangu.

Anayetaka kwenda aniamshe, tutoke pamoja. Avae nguo mbili, na ya juu iwe ya kubana. Lakini blanketi langu asiliguse.